Unautaka Udiwani? Anza na Daftari

Hii ni hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha viongozi wa vikundi vya mitaa hapa Dodoma mjini. Tunaiweka nzima kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyokuwa ukutani tumeiacha.

Mbukwenyi! Mbukwenyi tena!

Mama zangu wa vicoba, vijana wa vijiwe vya bodaboda, wajumbe wa kamati za maji, wazee wetu mliotoka Hombolo na Mpunguzi tangu alfajiri, asanteni kwa kuja. Jumamosi ni siku ya biashara, na wengine hapa mmefunga vibanda ili mkae kwenye viti hivi vya plastiki. Basi nisiwapotezee muda.

Nianze na swali. Ni wangapi humu mmewahi kuambiwa, "Wewe gombea tu, mtaa mzima tunakuunga mkono"? Naona mikono mingi. Haya, ni wangapi mnajua kati ya hao wanaowaunga mkono ni wangapi wameandikishwa kupiga kura ndani ya kata hiyo hiyo? Mikono imeshuka. Hapo ndipo kazi yetu ya leo ilipo.

Ninyi mmeshafanya kazi ngumu. Mmechangisha fedha za choo cha shule, mmesimamia kisima, mmesuluhisha wauza mboga na mgambo. Watu wanawajua. Lakini kujulikana na kuchaguliwa ni vitu viwili, na kati yake kuna karatasi nyingi. Wengi hawaangukii kwenye sanduku la kura. Wanaangukia kwenye karatasi, kabla hata kampeni haijaanza.

Kwanza tuelewane: hicho kiti unachokitaka kinafanya nini?

Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mwaka mmoja kabla, Mei 2017, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilivunjwa na kazi zake zikahamia halmashauri. Kwa hiyo yale ambayo zamani mlikuwa mnayalalamikia CDA, leo yanapita kwenye vikao vya madiwani. Kiwanja kimoja wamepewa watu wawili. Barua ya toleo imezeeka kabatini bila kuwa hati. Eneo la wazi la watoto kuchezea limeota ukuta. Mambo haya yana kamati ya kuyajadili, ya mipango miji na mazingira, na wanaokaa kwenye kamati hiyo ni madiwani.

Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Akitoka hapo anaingia Baraza la Madiwani, anashiriki kumchagua meya, anapitisha bajeti na kuhoji taarifa za mapato na matumizi. Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mkurugenzi wa jiji hatumchagui sisi wala diwani, anateuliwa na Rais. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ya mjini ni DUWASA. Umeme ni TANESCO. Diwani hana amri juu ya meneja wa hata mmoja kati ya hao.

Mchukueni kijana mmoja wa mfano, mwenyekiti wa kijiwe, anagombea kata ya pembezoni. Anapanda jukwaani, anaahidi lami kutoka njia panda mpaka shule ya msingi. Vigelegele. Anasimama mzee, kofia mkononi: "Mwanangu, hiyo barabara imo kwenye mtandao wa TARURA?" Kijana anacheka, anasema tutaiingiza. "Ina upana gani? Nyumba ngapi zitaguswa? Fidia atalipa nani?" Kijana hana jibu. Muziki unawashwa ili kufunika aibu, lakini watu wameshaanza kuinuka.

Angesema nini? Angesema hivi: "Njia hii ina makorongo mawili yanayotukata kila masika. Nitaomba Kamati ya Maendeleo ya Kata iweke makalavati mawili kuwa kipaumbele cha kwanza. Muhtasari nitaupeleka TARURA mwenyewe kabla ya bajeti, na kila robo mwaka nitarudi hapa niwasomee walichojibu." Ni ahadi ndogo, haina vigelegele. Lakini yule mzee angeketi, kwa sababu kila neno hapo liko ndani ya uwezo wa diwani.

Sasa nimesema "kabla ya bajeti". Kabla lini?

Hili naomba tulikalie kidogo, maana ndilo linalowaangusha hata madiwani walioko madarakani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Bunge linakaa kwenye bajeti Aprili mpaka Juni, hapa hapa mjini kwetu. Kabla ya Bunge, Baraza la Madiwani limeshapitisha bajeti ya jiji, kwa kawaida katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Kabla ya Baraza kuna kamati za kudumu. Kabla ya kamati kuna wataalamu wa idara. Kabla ya wataalamu kuna kata, na kabla ya kata kuna mkutano wa wakazi wa mtaa. Hesabuni kwenda nyuma. Kitu mnachotaka kianze Julai kinatakiwa kiwe kimeandikwa kwenye muhtasari wa mtaa Oktoba, ikichelewa kabisa Novemba.

Na mvua zetu Dodoma zinaanza lini? Mwishoni mwa Novemba, Desemba. Korongo linakata njia Januari. Sisi tunapiga kelele lini? Januari! Tunapiga kelele wakati vitabu vya bajeti vinafungwa. Kufika Oktoba inayofuata korongo limekauka, ni vumbi na upepo tu, mtaa unakaa kikao na kuomba kitu kingine kabisa. Mwaka baada ya mwaka. Halafu tunasema serikali haitusikilizi. Wakati mwingine kweli haitusikilizi, sikatai. Lakini mara nyingi tunasema mwezi ambao hakuna aliyeshika kalamu.

Mratibu mzuri wa mtaa anafanya hivi. Januari, mvua ikinyesha, anapiga picha. Si picha ya maji matupu. Anamsimamisha mtu mzima pembeni ionekane maji yamemfika goti au kiuno. Nyuma ya picha, au kwenye daftari, anaandika tarehe, jina la mtaa, nyumba ngapi ziliingiwa maji, na siku ngapi watoto hawakuvuka kwenda shule. Anatunza. Oktoba anaitoa kwenye mkutano wa mtaa, inaingia kwenye muhtasari, muhtasari unaambatishwa orodha ya mahudhurio yenye saini. Muhtasari usio na mahudhurio afisa mipango anaweza kuuweka pembeni, na hutakuwa na la kumwambia. Nakala moja unabaki nayo wewe. Siyo kwamba humwamini mtendaji. Watendaji wanahamishwa, na mafaili yanahama nao au yanapotea.

Ukifanya hivyo miaka mitatu, ukija kugombea huna haja ya kusema "nitafanya". Unafungua faili unasoma.

Haya, tuje kwenye kura zenyewe.

Kuna orodha mbili, na watu wanazichanganya hata baada ya kupiga kura maisha yao yote. Uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Una orodha yake ya wapiga kura, inayoandikwa mtaani kwa siku chache tu. Mara iliyopita iliandikwa tarehe 11 mpaka 20 Oktoba 2024, kura zikapigwa tarehe 27 Novemba, na kampeni zilikuwa siku saba. Siku saba! Uchaguzi wa diwani ni jambo lingine. Unakwenda pamoja na wa Rais na wabunge, ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2025, unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na unatumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kadi ya Tume haikuingizi kwenye orodha ya mtaa, na kuandikwa kwenye orodha ya mtaa hakukupi kadi ya Tume. Kwa utaratibu wa miaka mitano, hesabuni 2029 kwa mitaa na 2030 kwa udiwani. Mnaona mbali? Si mbali.

Na balozi wa nyumba kumi si serikali ya mtaa. Huyo ni wa chama. Nimelisema ili lisirudi kwenye maswali.

Sasa mama mmoja wa mfano. Anaongoza vikundi 12, kila kikundi watu 25. Jumla watu 300. Anajua majina yao, misiba yao, madeni yao. Anaamini anaanza na kura 300 mkononi. Lakini huu ni mji wa wahamiaji. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000 ndani ya jiji, na wengi wamekuja tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi 2016. Mama akikaa na daftari akauliza mmoja mmoja, anaweza kukuta hivi, na namba hizi ni za mfano: 70 kadi zao bado ni za Dar es Salaam, Morogoro au kijijini Kondoa. Watu 60 wako Dodoma lakini waliandikishwa walipokuwa wamepanga Majengo au Chang'ombe, sasa wamejenga Nzuguni. Watu 30 kadi zimepotea. Zimebaki kura 140. Na hapo hatujauliza nani ataamka siku yenyewe, wala nani ana shemeji anayegombea.

Je, hizo 160 zimekufa? Hapana. Tume inaboresha daftari kabla ya uchaguzi mkuu, na wakati huo mtu aliyehama anahamisha taarifa zake na aliyepoteza kadi anapewa nyingine. Dirisha linafunguliwa siku chache kwa kila mkoa. Anayejua majina ya watu wake 160 anawafuata nyumba kwa nyumba siku hizo. Asiyejua anawaambia watu wote "nendeni mkahakiki", na wanaokwenda ni wale ambao taarifa zao zilikuwa sawa tangu mwanzo.

Oneni ukurasa wa daftari lenu unavyokaa. Daftari kubwa la karatasi, kaunta buku, lisiwe simu peke yake, simu inaibwa. Mstari mmoja mtu mmoja. Safu ya kwanza jina. Ya pili mtaa na alama ya nyumba, "karibu na mashine ya kusaga" inatosha. Ya tatu simu. Ya nne kata aliyoandikishwa. Ya tano jambo alilolilalamikia, kwa maneno yake. Ya sita tarehe. Ya saba kilichofanyika. Safu ya saba iacheni pana, na msione haya ikiwa tupu muda mrefu. Atakayekuuliza jukwaani "umetufanyia nini" utamjibu kwa safu hiyo.

Angalizo la sheria. Usikusanye kadi za watu, hata kwa nia njema ya "kuzitunza". Kukaa na kadi ya mpiga kura ya mtu mwingine ni kosa. Usiandike namba za kadi wala za kitambulisho cha taifa cha NIDA, huzihitaji. Na mwambie mtu kwa nini unaandika jina lake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na zaidi ya sheria kuna heshima tu.

Chama. Hapa Tanzania mgombea binafsi hayupo. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani miaka mingi, na 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikampa haki. Mpaka leo sheria inataka uwe mwanachama wa chama na udhaminiwe nacho. Kwa hiyo yule anayesema "mimi ni wa wananchi, sina chama" anasema jambo zuri lisiloingia kwenye fomu. Chagua chama mapema, lipa ada, hudhuria vikao vya tawi. Wanaoamua jina lako ndani ya chama ni watu wanaokaa kwenye vikao hivyo wakati wewe uko kwenye kisima. Wengi wenu mtakwama hapa. Nasema wazi.

Kwa akina mama: viti maalum vipo, sheria inataka visipungue theluthi ya madiwani wa kuchaguliwa, na wanaokaa humo wanaingia Baraza kama wengine. Lakini kata ni ya diwani aliyechaguliwa na kata. Mama anayeweza kushinda kata asikubali kusukumiwa viti maalum kwa sababu tu kuna mwanamume anayekitaka kiti cha kata.

Fomu. Fomu ya uteuzi ya udiwani ni namba 8C. Mgombea awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Dhamana ni shilingi 5,000. Ugumu hauko kwenye fedha. Unatakiwa wadhamini wasiopungua kumi, wapiga kura walioandikishwa ndani ya kata. Unatakiwa tamko mbele ya hakimu. Unatakiwa saini na muhuri wa chama. Na siku ya uteuzi fomu zinapokelewa mwisho saa 10:00 jioni.

Wapi panaharibika? Mgombea anachukua wadhamini kumi kamili, wote marafiki. Mmoja kadi yake ni ya kata jirani. Wamebaki tisa, fomu imekufa. Au jina: kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, kadi ya mpiga kura ina mawili, na kwenye fomu ameandika lile la utani analojulikana nalo mtaani. Au hakimu: amekwenda mahakamani saa 8:00 mchana siku ya mwisho, foleni ya wagombea wa kata zote iko mlangoni. Au muhuri: katibu wa chama amesafiri nao.

Tafuteni wadhamini 15, wahakikini wote kwenye daftari la Tume, hakikisheni hakuna aliyekwisha kumdhamini mwingine. Hakimu mwoneni siku kadhaa kabla. Jazeni nakala ya mazoezi kwa penseli kwanza. Jina la chama liandikwe kirefu kama lilivyo kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kisha mpeni fomu mtu ambaye hakusaidia kuijaza aisome kwa sauti, mstari kwa mstari. Aliyeijaza haoni kosa lake.

Katika uchaguzi wa mitaa wa 2019 na wa 2024 wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa kwenye hatua hii. Ubishi juu ya haki ya maamuzi yale upo, na una msingi. Pingamizi na rufaa zina muda mfupi sana, kwa hiyo kila karatasi unayokabidhi baki na nakala iliyogongwa "imepokelewa", yenye saa. Bila hiyo hata rufaa huna cha kuishikilia.

Fedha nazipitia haraka kwa sababu dawa yake ni fupi: fedha ya kikundi isiguse kampeni. Kasha la vicoba lina funguo tatu kwa sababu maalum. Kiongozi akichota humo kuchapisha fulana, hata akiwa na nia ya kurudisha, ameua kikundi na kampeni siku moja. Jivue uenyekiti wa kikundi kwa barua, kabidhi vitabu mbele ya wanachama, ndipo uchukue fomu. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, ni mkopo wa sheria. Ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mgombea asiuahidi kama vile unatoka mfukoni mwake. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakutaka ueleze fedha zako zinatoka wapi na baadaye utoe hesabu. Takrima mnayoisikia, yaani ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilitenguliwa na Mahakama Kuu tangu 2006. Kanga, pilau, "nauli": TAKUKURU wanajua majina yake yote.

La mwisho ni siku yenyewe. Vituo vinafunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Kura zinahesabiwa hapo hapo kituoni, na matokeo ya udiwani yanaandikwa kwenye fomu namba 21C. Tuseme kata ina vituo 24. Unahitaji mawakala 24 walioapishwa na majina ya akiba, kila mmoja na chakula chake na maji chupa mbili, kwa sababu wakala mwenye njaa anatoka saa 7:00 mchana "dakika tano" na harudi mpaka saa 9:00. Hesabu yako ya kura iko kwenye zile fomu 24. Wakala asiondoke bila nakala yenye saini, hata kama mmeshindwa kituoni hapo, hata kama ni saa 3:00 usiku na giza limeingia. Ukijumlisha nakala zako 24 na jumla ya kata isilingane, una cha kusema. Ukiwa na 19, una manung'uniko tu.

Wakala bora si yule anayeimba sana kwenye msafara. Ni yule mweka hazina wa kikundi asiyecheka cheka, anayegoma kufunga kitabu mpaka shilingi mia ipatikane. Mnao watu hao. Waandikeni leo.

Kwa katibu pale mlangoni kuna karatasi zenye zile safu saba. Kila kikundi kichukue karatasi mbili, mkaanze na nyumba kumi mnazopakana nazo, na safu ya nne msiiruke. Tukikutana tena mje nazo zikiwa zimejazwa, tuanzie kwenye majina ya waliohama. Sasa maswali, na tuanze na wa Hombolo, gari lao linaondoka saa tisa.